Nimeandikiwa MRI ya matiti: nijiandaeje, na je, itaniepusha na sindano?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 42, naishi Tabata, nina watoto watatu. Niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto upande wa kwapani. Mamografia imesema matiti yangu ni mazito na hayaonekani vizuri. Ultrasaundi imeona uvimbe wa milimita 14, na ripoti imeandikwa BI-RADS 4. Daktari ameniandikia nichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kitolewe kwa sindano kikapimwe maabara, na pia nifanye MRI. Dada yangu ananiambia nifanye MRI peke yake kwa sababu sindano inaamsha saratani, na MRI itaonyesha kila kitu. Jirani naye anasema MRI ni mionzi mikali inayochoma. Nina kitanzi, natumia metformin kwa ajili ya sukari, na sehemu iliyobana siiwezi kabisa. Nifanye nini, na nijiandaeje?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa wasiwasi ulio nao. Nianze na lenye haraka: nenda kachukuliwe kinyama. Usisubiri hela ya MRI, hicho kipimo cha picha zinazopigwa kwa sumaku, wala tarehe yake. Mengine yote uliyouliza nitayajibu, lakini hili likichelewa, hayo mengine hayatakusaidia sana.

BI-RADS ni utaratibu wa kupanga majibu ya picha za matiti unaotumika katika nchi nyingi duniani, kuanzia 0 hadi 6. Sifuri maana yake vipimo havijakamilika. Namba 1 ni titi lisilo na tatizo, 2 ni kitu kinachojulikana wazi kuwa si saratani, na 3 ni kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2. Namba 5 ni pale uwezekano unapofika asilimia 95 au zaidi, na 6 ni saratani ambayo maabara imeshaithibitisha. Wewe uko kwenye 4, kundi pana kuliko yote, kuanzia juu kidogo ya asilimia 2 hadi karibu na 95. Ndani ya kundi hilo wamo wanawake wengi ambao uvimbe wao utakutwa ni wa kawaida tu, na wamo wenye saratani. MRI haiwezi kukuambia kwa uhakika uko upande upi. Jibu hilo linatoka kwenye seli zilizowekwa chini ya hadubini.

Na ikitokea kuwa ni saratani, tuombe isiwe, kinyama hichohicho ndicho kitakachopimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni pamoja na protini iitwayo HER2. Hayo ndiyo yanayoamua kama uanze na upasuaji au dawa, na dawa zenyewe ziwe zipi. MRI haisomi hata kimoja kati ya hivyo, hata mashine ingekuwa mpya na ya gharama kiasi gani.

Kuhusu sindano kuamsha saratani, hilo halipo. Nafahamu linakotoka. Mtu anakaa na uvimbe mwaka na zaidi, anazunguka kwa waganga na maduka ya dawa, anakuja hospitali umeshakua. Anachukuliwa kinyama, majibu yanatoka, anaogopa, anarudi nyumbani bila kuanza tiba. Baada ya miezi michache hali inakuwa mbaya, na mtaani lawama zote zinaangukia sindano. Kilichomwangusha ni muda. Sindano yenyewe inachomwa baada ya ganzi, daktari akiangalia kwa ultrasaundi inapoingia. Utasikia mlio wa kufyatuka kila kipande kinapokatwa, na mlio huo ndio unaowashtua wengi kuliko maumivu. Vinachukuliwa vipande vyembamba vitatu hadi vitano hivi, unabanwa mahali hapo kwa mkono dakika kumi ili damu isivie, unafungwa plasta, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa MRI inakuja kufanya nini? Kwenye mamografia, nyama ya titi iliyoshikana inaonekana nyeupe, na uvimbe nao unaonekana nyeupe. Ndiyo maana ripoti yako imesema matiti ni mazito: kitu cheupe kimejificha ndani ya weupe. MRI haitegemei weupe huo. Inatazama damu. Saratani inapokua inajitengenezea mishipa mipya ya damu, na mishipa hiyo inavuja. Ukichomwa dawa ya kontrasti, sehemu yenye mishipa ya namna hiyo inang'aa haraka ndani ya dakika mbili za kwanza, na mara nyingi inaanza kufifia mapema. Vivimbe vingi vya kawaida vinang'aa polepole na kuendelea kung'aa. Kwa hiyo MRI ya kutafuta saratani bila kontrasti haina maana. Isipokuwa unapimwa tu kama silikoni uliyowekewa kwenye matiti imepasuka, ukiambiwa titi lako litapigwa MRI "ya kawaida bila sindano," uliza mara mbili kabla ya kulipa.

Kwa mtu kama wewe, MRI inamsaidia daktari kujua uvimbe umeenea kiasi gani, kama kuna vingine ambavyo mamografia na ultrasaundi havikuviona, kama titi la kulia nalo lina kitu, na kama uvimbe umegusa msuli wa kifua. Inasaidia pia pale mgonjwa anapoanza na dripu za kemo, ili picha za mwanzo zilinganishwe na za baadaye na ijulikane kama uvimbe unasinyaa. Ukitazama orodha hiyo utaona kuwa sehemu kubwa yake ina maana baada ya kinyama kusema ni saratani. Majibu ya kinyama yakirudi kuwa uvimbe si saratani, na yakaendana na kilichoonekana kwenye ultrasaundi, rudi kwa daktari umuulize waziwazi: MRI bado inahitajika? Huenda akasema haihitajiki tena, ukabaki na fedha yako.

Jambo jingine ambalo dada yako anapaswa kulijua ni kwamba MRI haionyeshi kila kitu. Chembe ndogo za kalsiamu, ambazo ni dalili mojawapo ya saratani changa, zinaonekana kwenye mamografia na hazionekani kwenye MRI. Kwa hiyo MRI haiifuti mamografia, na MRI iliyotoka safi haiufuti uvimbe unaoguswa kwa kidole na ambao ultrasaundi imeutilia shaka. Upande wa pili, MRI inaonyesha vitu vingi mno. Vivimbe vya ujana, uvimbe wa usaha, kovu la upasuaji wa karibuni, hata titi linalonyonyesha, vyote vinaweza kung'aa. Mwanamke anaingia na swali moja, anatoka na matatu.

Jirani yako amechanganya MRI na kitu kingine. Anachokisikia ni "kupigwa mionzi" kule hospitali ya saratani ya Ocean Road, ambayo ni tiba ya saratani na kweli inaweza kubabua ngozi. MRI haina eksirei ndani yake. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Sumaku hiyo ndiyo hatari yake halisi. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kiasi cha mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi jioni watu wanapokwenda nyumbani. Iko kazini usiku na mchana, hata taa zikizimika chumba kizima. Mkasi, kitanda cha magurudumu, mtungi wa oksijeni, vyote vinaweza kuruka na kuivamia mashine na mtu aliyelala ndani yake. Maswali mengi utakayoulizwa mlangoni yanatokana na hilo, na usiyajibu kwa haraka ili umalize foleni.

Kabla hujafika huko, piga simu. Kuwa na mashine ya MRI na kuwa tayari kupiga MRI ya matiti ni vitu viwili. Hospitali kadhaa hapa Dar, za serikali na za binafsi, zina mashine, na kazi kubwa ya kila siku ni vichwa, migongo na magoti. Titi linahitaji mashine ya tesla 1.5 au 3. Zile za wazi pembeni, ambazo watu wanaoogopa kubanwa huzipenda, nyingi zina nguvu ndogo sana kwa kazi hii. Linahitaji pia koili ya matiti, yaani kitanda maalumu chenye matundu mawili ya kuning'inizia matiti, ambacho ndani yake ndimo mlimo antena za kupokea mawimbi. Uliza kwa maneno haya: "Mnayo koili ya matiti, na inafanya kazi sasa hivi?" Ukiambiwa watatumia koili ya kifua au ya tumbo, shukuru na utafute pengine, picha hazitatosha kuamulia upasuaji. Uliza pia kama kontrasti wanayo au unatakiwa kuinunua mwenyewe, kama bei waliyokutajia imejumuisha kontrasti, CD na ripoti, na nani anasoma ripoti. Kama unatumia bima, pitia kwanza kitengo chao cha bima ujue kama kipimo kinahitaji kibali, maana kibali kikichelewa kitakuharibia tarehe, na tarehe ndiyo inayofuata.

Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, wiki bora ya kupigwa MRI ya matiti ni kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku ya kwanza ni ile damu ilipoanza kutoka. Ukianza kuona siku zako tarehe 3, nafasi yako ni kuanzia tarehe 9 hadi 16. Nje ya hapo, hasa wiki ya mwisho kabla ya hedhi, homoni zinaongeza damu kwenye titi zima, na nyama ya kawaida nayo inang'aa ikipewa kontrasti. Saratani inazama ndani ya mng'ao huo, au nyama nzima inaonekana kama ugonjwa ambao haupo. Kitanzi cha shaba hakibadilishi hesabu hii kwa kuwa hakina homoni, ila kinaweza kufanya damu itoke siku nyingi zaidi. Wewe hesabu tangu ilipoanza, usihesabu tangu ilipokata. Aliyekoma hedhi anakwenda siku yoyote, na anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ambaye haoni siku zake kabisa hana wiki ya kuchagua. Na kama saratani imeshathibitishwa na tiba inasubiri picha, tarehe ya hedhi isiwe sababu ya kuchelewa. Hapo picha inapigwa siku itakayopatikana, na anayeisoma anaambiwa ulikuwa siku ya ngapi. Andika hiyo tarehe kwenye fomu hata usipoulizwa.

Kitanzi chako kama ni cha shaba chenye umbo la T, hakina tatizo kwenye mashine za tesla 1.5 wala 3, hakitavutwa wala hakitachoma. Taja tu kwamba unacho. Kijiti cha mkononi nacho si kizuizi. Vinavyoweza kukuzuia kabisa, au kuhitaji kadi ya kifaa ikaguliwe kwanza, ni mashine ya kusaidia mapigo ya moyo, klipu zilizowekwa kwenye mshipa wa damu wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, na puto la kupanulia ngozi ya titi baada ya upasuaji, kwa sababu baadhi yake lina sumaku kwenye tundu la kujazia. Aliyewahi kuchomelea au kusaga vyuma apigwe kwanza picha ya macho kama kuna uwezekano kipande kiliingia. Mara nyingi fundi anasahau kipande cha miaka kumi nyuma, lakini sumaku itakisogeza, na jicho halina nafasi ya kosa. Vyuma vya mifupa iliyovunjika vilivyokaa muda mrefu kwa kawaida havizuii, ila vitajwe.

Vya nje ya mwili navyo vinasahauliwa sana. Hereni, bangili, mkufu, kipini cha pua, pini za hijabu na vibanio vya nywele vyote viachwe nyumbani. Wigi lenye klipu livuliwe. Shanga za kiunoni zivuliwe pia, kwa sababu nyingine zina vipande vya chuma katikati na kwa sababu utalala kifudifudi juu yake nusu saa hivi. Kama umevaa hirizi, sema. Ngozi inaweza kuwa imeshonewa kitu cha madini ndani, na hakuna atakayekucheka. Madera na vitenge vyenye nyuzi za kumetameta vinaweza kupata moto, kwa hiyo utabadilisha uvae gauni la hospitali linalofunguka mbele. Nenda na kanga yako ya kujistiri ukiwa unasubiri. Simu na kadi za benki zibaki na uliyekwenda naye, sumaku itaziharibu. Marashi na dawa ya kwapa, ambayo kwenye mamografia hukatazwa, kwenye MRI haina shida.

Nije kwenye sukari na figo. Kontrasti ya MRI imetengenezwa kwa madini ya gadoliniamu na inatolewa na figo. Kwa mtu ambaye figo zimechoka sana, aina fulani za kontrasti hii zimewahi kusababisha ugonjwa adimu wa kukakamaa ngozi na viungo. Wewe una kisukari, kwa hiyo pimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, mapema, siku chache kabla, ili usirudishwe mlangoni. Kiwango cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya 30, daktari wa radiolojia lazima ajue kabla ya sindano, achague aina ya kontrasti iliyo salama zaidi au aangalie njia nyingine. Metformin usiiache. Katazo unalolisikia linahusu kontrasti ya iodini ya CT scan kwa wenye figo dhaifu. Kwa kontrasti ya MRI katika kipimo cha kawaida halikuhusu. Kufunga nako mara nyingi hakuhitajiki, ila vituo vingine hutaka ukae saa chache bila kula, kwa hiyo uliza unapopanga miadi. Kama hukukatazwa, kunywa chai na kipande cha mkate saa mbili kabla. Tumbo lililojaa wali litakusumbua ukilala juu yake.

Mjamzito hapewi kontrasti hii isipokuwa kuna sababu nzito sana, kwa hiyo hedhi ikichelewa pima mkojo kwanza. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha. Kinachoingia kwenye maziwa ndani ya saa 24 ni chini ya asilimia 0.04 ya dawa, na tumbo la mtoto linafyonza chini ya asilimia 1 ya hicho kidogo.

Siku yenyewe fika mapema, na uwe umehesabia foleni ya barabarani. Beba CD ya mamografia, picha na ripoti ya ultrasaundi, na majibu ya kinyama kama yameshatoka. Anayesoma MRI bila picha za nyuma anabaki kukisia. Nenda haja ndogo mwishoni kabisa, kabla ya kulala. Utawekewa kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi. Mwambie mtaalamu wa mashine uvimbe uko wapi, mwonyeshe kwa kidole. Wengine hubandika kidonge cha mafuta ya samaki juu ya ngozi mahali hapo ili kionekane kwenye picha kama alama.

Utapanda kitanda na kulala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye yale matundu mawili, paji la uso likiegemea mto wenye uwazi. Hapa ndipo pa kuchukua muda. Titi linatakiwa lining'inie lote, chuchu ikielekea chini, bila mkunjo wa ngozi na bila gauni kunaswa katikati. Wewe uvimbe wako uko upande wa kwapani, sehemu ambayo ndiyo kwanza inaachwa nje ya tundu mtu akilazwa harakaharaka. Uliza: "Sehemu yenye uvimbe imeingia?" Mfupa wa katikati ya kifua utabanwa na kitanda, omba sponji au kitambaa kikunjwe kiwekwe hapo kabla ya kuanza, kwa sababu maumivu madogo ya dakika ya kwanza yatakuwa makubwa dakika ya ishirini na yatakufanya ujisogeze. Mabega nayo yaseme mapema kama yana baridi yabisi. Usishikanishe viganja juu ya kichwa wala usiache mapaja yakagusana ngozi kwa ngozi. Mwili ukijifunga kuwa duara, mawimbi ya redio yanapitisha umeme pale ngozi zinapogusana, na mtu anaweza kuungua. Omba shuka liwekwe katikati. Ukihisi sehemu moja inapata moto, usivumilie, bonyeza king'ora.

King'ora hicho ni kipira cha mpira utakachopewa mkononi. Kwa woga wako wa kubanwa, kijaribu kabla hujaingizwa, usikie kinalia kule chumba cha pili. Kuna mambo yanayokusaidia hapa. Unaangalia chini, kwa hiyo dari la mashine hulioni. Mashine nyingi zinakuingiza kwa miguu kwanza, na kichwa kinabaki karibu na mdomo. Funga macho kabla kitanda hakijatembea na usiyafumbue ndani. Wengi walioshindwa MRI ya kichwa wanaimudu ya matiti kwa sababu hizo. Kama unajijua kwamba hutaweza, mwambie daktari wako siku kadhaa kabla akuandikie dawa ya kutuliza, kwa mfano diazepamu. Usiinunue dukani ukajipimia mwenyewe, na siku hiyo uende na mtu wa kukurudisha. Usipande bodaboda peke yako ukiwa na dawa hiyo mwilini.

Mlio ni mkubwa. Mashine itagonga, itakoroma, itapiga kama nyundo kwenye bati, kisha kimya, kisha inaanza tena kwa sauti nyingine. Utapewa vizibo vya masikio au vifunika masikio. Usikubali kuingia bila hivyo. Ukimya wa katikati si mwisho wa kipimo, na watu wengi hujinyoosha hapo na kuharibu. Jumla utalala dakika 20 hadi 40 kutegemea kituo.

Dakika zilizo muhimu kuliko zote ni zile za sindano. Mashine inapiga kwanza seti moja bila kontrasti. Kisha pampu inasukuma dawa, kwa kawaida mililita 0.2 kwa kila kilo ya uzito, maana yake kama una kilo 70 ni mililita 14, kwa kasi ya mililita 2 kwa sekunde, ikifuatiwa na maji ya chumvi kama mililita 20. Utahisi baridi ikipanda mkononi, wengine wanapata ladha ya chuma mdomoni au kichefuchefu kidogo kinachopita. Mkono ukiuma sana au ukivimba pale kwenye kanula, bonyeza, dawa inatoka nje ya mshipa. Baada ya hapo seti zilezile zinarudiwa, kila moja kwa dakika moja hadi moja na nusu, kwa dakika tano hadi saba. Kompyuta inachukua picha za baada na kuondoa humo zile za kabla, ili kibaki kilichong'aa tu. Ukisogea hata milimita chache kati ya seti hizo, picha hazikai juu ya nyingine: kingo za mafuta zinajichora kama vitu vinavyong'aa, na uvimbe mdogo wa kweli unapotea. Hakuna fundi wa kompyuta atakayeirekebisha picha hiyo. Kwa hiyo kohoa, jikune, meza mate sana kabla ya kuambiwa "sasa tunachoma dawa," kisha tulia. Pumua kawaida, pumzi fupifupi. Ukivuta pumzi ndefu unainua kifua chote. Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo, au ukashindwa kuvumilia, kipimo mara nyingi hupangwa siku nyingine kwa sababu dawa iliyokwishaingia inaharibu ulinganisho. Kabla ya kuondoka, uliza kama utalipa tena.

Ukitoka, kaa pale dakika 15 hadi 30. Mzio wa kontrasti hii ni nadra, na mkali ni nadra zaidi, lakini ukija huja mapema: kuwashwa, vipele, koo kubana, kizunguzungu. Kama umewahi kupata mzio wa kontrasti, au una pumu, sema kabla. Siku hiyo kunywa maji ya kutosha, kula unachopenda, endelea na metformin yako. Kiasi kidogo sana cha gadoliniamu kinaweza kubaki mwilini, zaidi kwa aina za zamani za kontrasti kuliko za sasa. Kwa watu wenye figo nzima hakuna madhara yaliyothibitishwa kutokana na mabaki hayo, lakini ndiyo sababu hatuchomi dawa hii pasipo haja, na sababu nyingine ya kutorudia kipimo ovyo.

Ripoti ikitoka, tafuta mistari michache. Kuna sehemu inayosema nyama ya kawaida imeng'aa kiasi gani: kidogo sana, kidogo, wastani au sana. Ikisema sana, na ulipimwa nje ya wiki niliyokutajia, mwambie daktari wako kabla hajaamua lolote kubwa. Angalia kama ule uvimbe wa milimita 14 umetajwa kwa mahali na ukubwa wake. Ripoti isiyoutaja haijajibu swali lililokupeleka, irudishe.

Ikionekana sehemu mpya ya kutilia shaka, hatua inayofuata ni ultrasaundi nyingine, safari hii anayepima akiwa na MRI mbele yake na akijua pa kuelekeza. Mara nyingi anakiona alichokikosa mwanzo, na kinyama kinachukuliwa hapohapo. Kisipoonekana kwa ultrasaundi, kinahitaji sindano inayoongozwa na MRI yenyewe, huduma ambayo si kila kituo chenye mashine kinayo. Uliza mapema, kabla ya kipimo, ikitokea hivyo utapelekwa wapi. Na hili nalisema kwa msisitizo: usikubali kukatwa titi, wala eneo kubwa zaidi ya lililopangwa, kwa sababu ya doa lililong'aa kwenye MRI ambalo halijachukuliwa kinyama. Daktari mzuri hatakasirika ukimuuliza, "Hili la pili limethibitishwa?"

CD ya MRI ichukue siku hiyohiyo, na uombe iwekewe picha zote, za kabla na za baada ya kontrasti, siyo zile chache zilizochaguliwa na kuchapwa kwenye karatasi. Waombe wakufungulie hapo kaunta uone kama inasoma na kama jina na umri ni vyako. CD isiyofunguka ukiigundua mbele ya daktari wa upasuaji wiki mbili baadaye itakurudisha kwenye foleni.